Kamera ya babu bado inapiga: jinsi ya kuhamishia filamu ya 120 kwenye spuli ya 620

Kama nyumbani kwenu kuna kamera ya kizamani imekaa juu ya kabati, ile nyeusi nzito kama kiboksi au ya kukunja yenye ngozi kama kodiani, na kila ukiuliza unaambiwa hiyo imekufa, mikanda yake haitoki tena, naomba kabla hujampa mtoto achezee utazame kidirisha chekundu cha nyuma, na kama hakionyeshi namba uifungue nyuma uangalie kitu kimoja tu: kuna spuli ndani au hakuna? Spuli ndo kile kijiti cha chuma chenye visahani viwili huku na huku, mkanda unajiviringishia pale. Kama ipo basi una kitu cha thamani kuliko kamera yenyewe, na hapa naeleza kwa nini na unafanyaje mpaka upate picha.

Nazungumzia kamera za 620. Kodak walianza kuitoa hiyo saizi mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaacha kuitengeneza 1995, na katikati hapo wakauza kamera nyingi mno zinazotumia hiyo tu: Brownie Hawkeye, Duaflex, Brownie Six-20, Medalist, na nyingi za kukunja. Fungua mfuniko wa nyuma, mara nyingi utakuta imeandikwa 620 humo ndani. Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba filamu ya 620 na ya 120 ni filamu ile ile. Upana ule ule, urefu ule ule, karatasi ya mgongoni ile ile yenye namba. Na 120 ipo tangu 1901 na mpaka leo inatengenezwa, Ilford wa Uingereza wanatoa, Kodak wanatoa, Foma wa Ucheki wanatoa. Wapiga picha wa studio zetu wengi walikuwa wanatumia hiyo hiyo 120 kwenye zile kamera za lenzi mbili za kuchungulia kwa juu. Tofauti ni spuli tu. Ya 620 ni ya chuma, kijiti chake chembamba, visahani vidogo, na tundu la ufunguo pale katikati ni dogo. Ya 120 ni nene kidogo, siku hizi ya plastiki, kwa kawaida haiingii kwenye kamera ya 620. Kwa hiyo kazi yote hapa ni kuihamisha filamu kutoka spuli moja kwenda nyingine gizani bila kuiunguza kwa mwanga. Basi.

Yangu mimi ni Brownie Hawkeye Flash, ilikuwa ya babu mzaa mama, alikuwa karani wa reli pale Tanga. Hiyo modeli ilitoka kuanzia 1950 mpaka 1961, inapiga picha 12 za mraba. Nilipoipata kile kidirisha chekundu cha nyuma kilikuwa kinasoma 9, maana yake mkanda bado umo ndani na babu alifika picha ya tisa akaacha. Na hili ndo onyo la kwanza kabisa: UKIONA NAMBA KWENYE KIDIRISHA USIFUNGUE. Zungusha kile kifundo cha kupelekea mkanda mpaka namba ziishe na usikie mkono umekuwa mwepesi, karatasi yote imehamia upande mmoja, ndo ufungue, tena fungua gizani kama unaweza maana mkanda wa zamani unakuwa umelegea. Nitarudi kwenye huo mkanda wa babu chini huko.

Kwanza kagua kamera yenyewe. Ukiwa umeifungua nyuma na haina filamu, elekeza lenzi dirishani kwenye mwanga, weka jicho kwa nyuma, bonyeza. Unatakiwa uone kimwanga kinapita tii halafu kinafunga. Kama kinabaki wazi kwenye Hawkeye angalia kwanza kale kaswichi ka B ka upande wa pili wa kitufe, kakiwa kameinuliwa shata (kile kimlango cha ndani kinachopitisha mwanga) inabaki wazi muda wote umeshikilia kidole, sio mbovu. Kama shata inasuasua, bonyeza mara hamsini, mara sabini, nyingi zinaamka zenyewe, vumbi tu na mafuta yaliyoganda. Usimwagie mafuta ya cherehani, mafuta yatatembea mpaka kwenye lenzi na hapo umejiongezea kazi.

Za kukunja zina tatizo lao, ile ngozi ya mikunjo inapasuka kwenye kona. Ingia chumba cha giza usiku, washa tochi ya simu uiingize ndani ya kamera kwa nyuma, kisha zungusha kamera ukitazama kwa nje. Kila nukta ya mwanga unayoiona itakuja kuwa doa jeupe kwenye picha. Vitundu vidogo vinazibwa na rangi nyeusi ya kitambaa au gundi ya mpira iliyochanganywa na masizi, unapaka kwa ncha ya kijiti, unaacha ikauke wazi kabla hujakunja. Ngozi ikiwa imechanika mikunjo yote, hapo mi nasema iache, tafuta kamera nyingine.

Halafu lenzi. Sisi wa pwani adui yetu ni ukungu, ule unaoota kama utando wa buibui ndani ya kioo, kwa sababu ya unyevu na kufungia kamera kwenye mkoba wa ngozi miaka kumi. Futa kwa kitambaa laini na spiriti kidogo, mzunguko wa taratibu, usikandamize. Ukungu wa siku nyingi unakuwa umeshakula kioo na hautoki wote, lakini usikate tamaa, lenzi ya kamera ya boksi ikiwa na alama kidogo picha inakuwa laini tu, haiharibiki. Ukimaliza usirudishe kamera kwenye mkoba wa ngozi, iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Sasa filamu. Kwa jua letu nashauri ISO (namba ya wepesi wa filamu kunasa mwanga) 100 au 125, kwa mfano Fomapan 100 au Ilford FP4 Plus. Kamera ya boksi haina kitu cha kupangilia, shata yake inacheza kati ya 1/30 na 1/60 ya sekunde hivi na tundu la lenzi liko karibu na f/16, namba inayoonyesha ukubwa wa tundu. Ile kanuni ya zamani ya jua kali inasema ukiwa kwenye f/16 basi shata iwe sawa na ISO, yaani filamu ya 100 kwa 1/100. Kwa hiyo ukiweka filamu ya 100 kwenye Hawkeye saa sita mchana pale ufukweni unazidisha mwanga kama hatua moja na kitu (kila hatua ni mwanga mara mbili), na filamu ya negativu, ile inayotoa picha iliyogeuzwa, penye mwanga peusi, inavumilia hiyo bila shida, tena inapenda. Ukiweka ya 400 unazidisha hatua tatu na zaidi, negativu inatoka nyeusi nzito na kuiskani inakuwa taabu. Ya 400 kama HP5 Plus iweke siku ya mawingu, masika, au kama unapiga barazani kwenye kivuli. Rangi nayo inawezekana, Kodak Gold 200 ipo ya 120 tangu 2022, ila kusafisha rangi nyumbani ni kazi nyingine, anza na nyeusi na nyeupe.

Mikanda hii dukani kwetu kuipata ni bahati, wengi tunaagiza au tunamtuma mtu anayesafiri. Mwambie aibebe MKONONI, asiiweke kwenye begi la chini ya ndege, mashine za huko chini zinaunguza filamu. Na zile mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi zinazozungusha picha pande zote nazo zinaunguza, kwa hiyo aitoe kwenye boksi, aiweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana, aombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Ikifika weka kwenye friji, na ukitaka kuitumia itoe masaa machache kabla uiache kwenye pakiti yake mpaka ifikie joto la chumba, ukiifungua ikiwa baridi na hewa yetu hii itatoa jasho.

Haya, kuhamisha. Unahitaji mkanda mmoja wa 120 na spuli mbili za 620, moja ya kuwekea filamu na nyingine ya kupokelea ndani ya kamera. Ukiwa na moja tu (ile uliyoikuta ndani) na kamera yako ni Hawkeye, una bahati, Hawkeye nyingi zinakubali spuli nzima ya 120 upande wa kutolea bila kuhamisha chochote, ili mradi upande wa kupokelea pawe na ya 620. Jaribu na spuli tupu kwanza, kama inazunguka bila kukwaruza, pita hatua hii yote nenda kapige picha. Kama inabana usilazimishe, mkanda utakwama katikati na utachanika.

Kabla ya giza fanya mazoezi. Tafuta mkanda mmoja uliokwisha muda, utoe sadaka, uufungue mchana kweupe ili uone ulivyojengwa. Utaona karatasi ni ndefu kama mita moja na nusu, filamu yenyewe ni kama sentimita 80 na kitu tu, inaanzia mbali kidogo na mwanzo wa karatasi. Na filamu imebandikwa kwa tepu upande MMOJA TU, upande wa mwanzo. Mwisho wake unaelea. Hilo ukilielewa umeelewa kila kitu. Hamisha huo mkanda wa mazoezi ukiwa unaona, mara tatu, halafu ukiwa umefumba macho, mpaka vidole vijue. Usiutupe baadaye, utakusaidia tena.

Giza. Mifuko ya giza ya kuingiza mikono ipo, lakini kwa joto la Tanga au Mombasa dakika tano tu mikono inatiririka jasho, filamu inanata na inashika alama za vidole. Mi naona bafuni usiku ni bora zaidi, ziba chini ya mlango kwa blanketi, ning'iniza kanga mbili dirishani, na siku umeme umekatika mtaa mzima hiyo ndo siku yenyewe. Kaa humo dakika kumi bila kufanya chochote. Kama baada ya dakika kumi unaona karatasi nyeupe uliyoshika, bado sio giza. Saa yenye namba zinazong'aa vua, simu acha nje.

Chana kile kikaratasi cha kufungia mkanda wa 120 na uanze kuufungua taratibu, karatasi inatangulia, acha ijikunje inavyotaka. Utagusa pale filamu inapoanza, penye tepu, endelea, shika filamu kwa kingo tu kama unavyoshika kaseti, usiguse katikati. Endelea mpaka ufike mwisho wa karatasi na uitoe kwenye spuli ya plastiki. Sasa una karatasi na filamu vimelala pamoja mikononi, na unaanzia upande huo huo wa mwisho. Chomeka ncha ya karatasi kwenye ufa wa spuli ya 620, upande wenye maandishi ukiangalia nje, zungusha raundi kadhaa huku vidole gumba vimebana kingo zote mbili ili ikae sawa. Baada ya karatasi kidogo utakutana na ule mwisho wa filamu unaoelea, uingize chini uende na karatasi pamoja, na hapa ndo pa kutulia, hakikisha filamu imekaa katikati haijapanda kwenye visahani. Ikienda upande rudisha nyuma uanze tena, hakuna anayekukimbiza.

Viringisha kwa kubana kiasi, mkono mmoja unazungusha mwingine unazuia kidogo. Usifanye ile ya kuviringisha ovyo halafu mwishoni uvute ncha ili ikaze, filamu itajisugua yenyewe na utapata mikwaruzo mirefu kama mvua kwenye kila picha. Ukilegeza sana nako mwanga unaingia pembeni siku unaweka kwenye kamera.

Ukikaribia mwisho utasikia filamu imeinuka kama kiuvimbe pale penye tepu. Wengi hapa wanashtuka wanadhani wamekosea. Hujakosea, ni kwa sababu filamu na karatasi zimejiviringisha kwenye kijiti chembamba kuliko mwanzo na filamu iko ndani, karatasi iko nje, hazilingani tena urefu. Bandua ile tepu upande wa karatasi, POLEPOLE, maana tepu ikibanduliwa kwa nguvu gizani inatoa vicheche vya mwanga kweli kabisa, laza filamu itulie, bandika tena ilipofikia. Kama tepu imechoka kata kipande cha solotepu ulichokibandika tayari kwenye ukingo wa beseni kabla hujazima taa. Malizia karatasi iliyobaki, funga kwa rababendi, washa taa. Mara ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa na shati lilikuwa limelowa, sasa hivi dakika tano haziishi.

Kuna njia ya pili wengine wanaipenda, wanachukua mkasi wa kucha wanapunguza visahani vya spuli ya 120 mpaka vilingane na vya 620, wanapiga msasa na kwenye ncha kupunguza urefu kidogo. Inafanya kazi upande wa kutolea tu. Upande wa kupokelea bado unahitaji 620 halisi, kwa sababu ufunguo wa kamera ni mwembamba na tundu la plastiki ni kubwa, unazunguka bure. Mimi siipendi, vumbi la plastiki linaingia ndani ya kamera na kwenye filamu, lakini kama una spuli moja na kamera yako sio Hawkeye, ndo njia yako mpaka upate ya pili.

Na ndo maana nasema spuli ni mali. Filamu itaendelea kutoka, spuli za 620 za zamani haziongezeki. Mkanda wangu wa pili nilipeleka sehemu wakanisafishia, negativu zilikuja safi kabisa, lakini spuli waliitupa kwa sababu kwao ni takataka, wamezoea ya 120. Niliumia, maana nilikuwa nazo mbili tu na moja ilikuwa ya babu. Tangu hapo naandika kwa kalamu nene juu ya mkanda wenyewe, RUDISHA SPULI, na namwambia mtu kwa mdomo pia.

Kupiga. Weka filamu kwenye kivuli, sio juani, ziba kidirisha chekundu kwa tepu nyeusi ya umeme na uifunue tu wakati wa kusogeza namba. Zamani kulikuwa na filamu nyingi zisizoona rangi nyekundu kwa hiyo kidirisha kilikuwa salama, za sasa zinaona rangi zote, jua la saa saba likipiga pale utaona kiduara katikati ya picha na kivuli cha namba. Kwa kamera ya mraba soma zile namba za safu ya katikati, mpaka 12. Kamera ya picha ndefu inakupa 8, na kidirisha chake kimewekwa kwenye safu yake ya pembeni kwa hiyo huna cha kuchagua.

Shata ni ya polepole kwa hiyo shikilia kamera kifuani au tumboni, vuta pumzi, itoe nusu, bonyeza kwa kukandamiza sio kwa kudonoa. Simama kuanzia mita 1.5 kwenda mbele, karibu zaidi ya hapo sura inatoka na ukungu, babu zetu hawakuwa wajinga kupiga watu wamesimama mzima mzima mpaka miguu. Jua liwe mgongoni kwako au ubavuni. Kwenye kioo cha kuchungulia kushoto ni kulia, utazoea. Na kamera za boksi hazina kizuizi, ukibonyeza mara mbili bila kusogeza unapata watu wawili juu ya picha moja, kwa hiyo jijengee tabia: umebonyeza, umesogeza, hapo hapo.

Watu wenye saizi nyingine niwaambie kwa kifupi. 127 ilianza 1912, Kodak nao waliiacha 1995, upana wake ni milimita 46 kwa hiyo unaweza kukata 120 kwa kisu maalum cha gizani, lakini lazima kiwe cha vipimo, kukata kwa mkasi gizani hapana. 116 na 616 ziliisha 1984, hizo ni pana, milimita 70, unatumia 120 na vipachiko vya plastiki vya kurefusha spuli. Namba za kidirisha hazitalingana, kwa hiyo chukua ule mkanda wako wa mazoezi, uweke ukiwa umeacha nyuma wazi, hesabu mizunguko ya kifundo kwa kila picha uandike kwenye karatasi. 110 ile ya kikaseti kidogo kampuni ya Lomography waliirudisha 2012, unanunua unachomeka. 126 ndo ngumu, kikaseti chake cha zamani usikitupe, watu wanakifungua wanaweka filamu ya milimita 35 ndani.

Kusafisha. Hapa pwani vitabu vyote vinatudanganya kwa sababu vinasema nyuzijoto 20, na maji ya bomba Januari yanakuja 28, 29. HP5 Plus kwa D-76 (devolopa, yaani dawa ya kutokeza picha) bila kuzimua ni dakika 7.5 kwa 20. Kila digrii ikipanda unapunguza kama asilimia 10 ya muda, kwa hiyo kwenye 24 unakuwa chini ya dakika 5, na chini ya dakika tano dawa haisambai sawa, anga linatoka na mabaka. Fanya hivi: beseni la maji, chupa za dawa zote zisimame humo, devolopa, maji ya kati, fiksa (dawa ya kuifanya picha isiharibiwe tena na mwanga), na maji ya kuoshea kwenye dumu lake pia, tia barafu kwenye vifuko vya plastiki ili isizimue kitu, kipimajoto ndani, subiri ishuke 20 au 21. Zote zikae joto moja. Ukitoa filamu kwenye dawa ya 20 ukaiosha na bomba la 29 ile ngozi ya filamu inaweza kukunjamana kama mkono uliokaa sana majini, na hairudi tena.

Kama devolopa ya dukani hakuna, kuna ya kahawa na sio hadithi. Ilitokea 1995 pale Rochester Institute of Technology, Marekani, kwa Scott Williams na wanafunzi wake. Kwa lita moja: gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu kabisa, gramu 16 za vitamini C ya unga isiyo na ladha, gramu 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka. Koroga soda kwanza mpaka iyeyuke yote na maji yawe maangavu, kisha vitamini, itatoa mapovu, mwisho kahawa. Iache dakika tano. Filamu ya 100 unaiweka dakika 15 kwa nyuzijoto 20, na tangi la kawaida (kile kikopo kisichopitisha mwanga cha kusafishia filamu) kwa mkanda mmoja wa 120 ni nusu lita tu kwa hiyo gawa vyote kwa mbili. Kahawa ya bei rahisi yenye robusta ndo inafaa, mi natumia Africafé ya Bukoba na inanipa negativu nzuri zenye rangi ya kahawia kidogo. Soda usichukue magadi ya kuchemshia maharage, yale ni mchanganyiko na yana chumvi na mchanga, nunua inayouzwa kwa watengeneza sabuni. Harufu ni mbaya, fungua dirisha. Ila fiksa haina mbadala wa jikoni wa kutegemewa, hiyo bora ununue.

Baada ya fiksa ya dakika 5 osha kwa kujaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Inatosha na inaokoa maji. Ning'iniza bafuni na kibanio cha nguo chini ili isijikunje. Kuskani, weka negativu juu ya skrini nyeupe ya tableti ukiwa umeiinua kidogo kwa kioo ili vinukta vya skrini visionekane, piga na simu kutoka juu, geuza rangi.

Ule mkanda wa babu ulikuwa Verichrome Pan, filamu ambayo Kodak waliitengeneza mpaka 2002 na inasifika kwa kuhifadhi picha miaka mingi bila kusafishwa. Niliusafisha kwa D-76. Kati ya tisa zilitoka nne, zina ukungu wa kijivu lakini zinaonekana. Moja ni mwanamke amesimama mlangoni na beseni kiunoni, hakujua anapigwa picha. Nilimpelekea mama mkubwa kwenye simu, akaishika muda mrefu, akasema huyu ni bibi yako, na hilo beseni nalikumbuka. Kwa hiyo ukikuta mkanda ndani ya kamera, hata kama ni wa rangi, usiutupe na usimpe mtu ausafishe kwa dawa za rangi za leo, mikanda mingi ya rangi ya zamani ilikuwa na dawa zake ambazo hazipo tena. Isafishwe kama nyeusi na nyeupe, kitakachobaki kitaonekana.

Ukimaliza yote, ile spuli tupu iliyobaki upande wa kutolea ihamishie upande wa kupokelea kabla hujafunga kamera, na ile iliyotoka na mkanda ifute, ikauke vizuri isishike kutu, iweke kwenye kopo na rababendi mbili. Mkanda unaofuata utaihitaji.